Kengele Iliyoponea Chupuchupu

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake, fundi redio. Waliompa jina hilo hawakukosea. Mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Shangazi naye hakuwa fundi wa mchezo. Mtaani walisema akiipapasa redio iliyokufa, redio hupiga chafya, kisha husoma taarifa ya habari.

Wiki hiyo kazi ilikuwa nzito. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyogongwa na mlinzi, na mlinzi mwenyewe alilala usingizi wa pono. Siku moja darasa la sita lilisoma hisabati hadi mwalimu akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Ndipo Chiriku na mwenzake, Kobe, walipoahidi kutengeneza kengele ya kujipiga yenyewe. Sasa ilikuwa imebaki siku moja tu waionyeshe mbele ya shule nzima.

Ilibaki ubongo wa kengele tu: chipu ya miguu minane, ndogo kama punje ya hindi, ambayo ingeandikiwa saa za vipindi kutoka kwenye kompyuta. Walikuwa nazo mbili tu. Lakini ubao wa Shangazi wa kuandikia chipu ulikuwa na soketi ya miguu arobaini.

"Hii ni kumvisha kuku kiatu cha tembo," alisema Kobe.

"Basi tumshonee kuku chake," alisema Shangazi. Akawachorea jinsi ya kuunga soketi ndogo kwa waya hadi kwenye ile kubwa. "Umeme unaingilia mguu wa kwanza, unatokea wa nane. Mkimaliza kulehemu, msitie chipu. Nikirudi tutapima kwanza." Akatoka kumpelekea mteja redio yake.

Chiriku aliugeuza ubao, akahesabu miguu, akalehemu waya wa mwisho. Vidole vikaanza kumwasha kwa hamu ya kujaribu.

"Tumsubiri," alisema Kobe.

"Tutaota mvi."

Akaitia chipu, akawasha. Harufu kali ikapanda. Alipoigusa, ilimchoma kidole. Chipu ilikuwa imeungua.

"Tuseme ilikuja mbovu," Kobe alinong'ona. "Nani atajua?"

Shangazi akarudi, akasimama mlangoni. "Chiriku kanyamaza? Kuna msiba?"

"Chipu moja ilikuwa mbovu, Shangazi," alijibu Kobe.

"Ndiyo mambo ya viwanda. Leteni ya pili." Akaishika kwa kibano, akaielekeza kwenye soketi ileile.

Chiriku aliitazama miguu ile minane ikishuka. Kama kosa lilikuwa kwenye waya, hii nayo ingeungua, na kengele ingezikwa nayo. Akaudaka mkono wa Shangazi.

"Ngoja, Shangazi. Haikuwa mbovu. Mimi niliitia bila kupima, ikaungua."

Shangazi akaweka kibano chini. Hakufoka. Aliugeuza ubao, akaufuata kila waya, mara akaanza kucheka.

"Ulihesabu miguu kwa upande gani?"

"Huku chini, kwenye waya."

"Ukiugeuza ubao, kulia kunakuwa kushoto. Umeme umeingilia mguu wa nane. Umemlisha mtu kwa kisigino, mwanangu." Akajifuta machozi. "Mimi nilipofanya hivyo ujanani niliunguza chipu saba. Mbu wa mtaa mzima walihama kwa moshi, hawakurudi mwaka mzima."

"Kweli, Shangazi?"

"Waulize mbu. Na wewe Kobe, kwa kunidanganya, utafungua waya zote."

Kobe alizifungua kwa mwendo wake. Chiriku akahesabu upya, safari hii kutoka juu, akazilehemu tena. Shangazi akapima kila mguu kwa kipima umeme. Chipu ya pili ikakaa, kompyuta ikaitambua, saa za vipindi zikaandikwa.

Kesho yake kengele ililia kwa dakika ileile iliyotakiwa. Mlinzi akaruka kitini, akaikimbilia rimu yake, akakuta wanafunzi wameshatoka.

Kicheko kilipotulia, Shangazi, aliyekuja shuleni kushuhudia, akawashika Chiriku na Kobe mabega. "Chipu ya kwanza iliunguzwa na haraka," alisema. "Ya pili ilibaki kidogo iunguzwe na uongo. Kosa ukilisema, fundi hulirekebisha. Ukilificha, hubaki palepale kwenye waya, likingoja chipu nyingine."