Gauni la Njano la Chiriku

Dada yangu mdogo, fundi cherehani, alikuwa na msimamo wake kuhusu televisheni, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Filamu za kutisha hakuzitaka. Alisema mzimu unaongoja muziki uanze ndipo utokee si mzimu, ni mwajiriwa. Alitazama vipindi vya uhalifu wa kweli, kila alasiri, cherehani ikinyamaza. Humo, alisema, angalau kuna mtu anatafutwa.

Mimi nilipenda filamu. Nilimwambia kuwa kuigiza msiba wa watu ili wengine wautazame wakinywa chai ni utovu wa adabu. Akanijibu, "Kaka, wewe unatazama vya uongo ili usiviangalie vya kweli."

Alijua anachosema. Binti yake, tuliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, alitoka kwenda kwa shangazi yake mchana mweupe, akiwa na miaka kumi na mitatu. Hakufika, wala hakurudi. Miaka minane hapakupatikana hata kiatu.

Mwongozaji wa kipindi kimoja alipokuja kuomba ruhusa ya kusimulia habari hiyo, dada alikubali kwa sharti moja: mtoto asiitwe marehemu.

"Marehemu ana kaburi," alimwambia. "Wangu hana."

Mwongozaji aliandika hilo. Kisha akaomba, kwa kuwa gauni la siku ile alilishona mama mwenyewe, ashone jingine kama lile la kumvika mwigizaji. Akamwachia karatasi ya vipimo vya mwigizaji huyo.

Alishona siku mbili. Njano, ukosi mweupe. Siku ya tatu mwongozaji akapiga simu, kwa upole, kusema gauni halikupita mabegani mwa mwigizaji. Wangetumia la kijani, lake wangelirudisha. Dada yangu hakuwahi kukosea vipimo kwa miaka thelathini. Safari hii karatasi ilikuwa mbele yake, lakini mkono ulikata kwa kipimo cha mwili wa mwanawe.

Kipindi kilirushwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Mapazia yalikuwa wazi, jua limejaa sebuleni. Mwigizaji alitokea na gauni la kijani. Akaaga. Akafunga lango. Akashika barabara.

Alipopita kona, gauni lilikuwa la njano.

Nilidhani ni uzee wa macho. Msichana alitupa mgongo. Hatua fupi. Bega la kushoto chini kidogo. Mtangazaji alikuwa amenyamaza. Hapakuwa na muziki.

"Kaka," dada alinong'ona, "huyo si mwigizaji."

Msichana alisimama. Hakugeuka. Alishusha mkono, akavuta upindo wa gauni, kama mtu ambaye nguo imekuwa fupi kwake. Kisha likaingia tangazo la sabuni.

Nilimpigia mwongozaji. Aliapa kuwa gauni la njano halikuvaliwa na mtu. Lilikuwa ofisini kwake, ndani ya bahasha aliyoifunga mwenyewe. Jumatatu alilileta, pamoja na nakala ya kipindi. Tulikitazama watu watatu. Gauni lilikuwa la kijani mwanzo hadi mwisho. Akatuaga kwa sauti ya mtu anayetoka kwa wagonjwa.

Dada akafungua bahasha.

Upindo ulikuwa umefumuliwa, ukashushwa vidole vinne, ukashonwa upya kwa mkono. Mishono ilikuwa ya haraka, imelala upande wa kushoto. Aliigusa mmoja mmoja. Katika maisha yake alimfundisha kushona mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto.

"Amekuwa mkubwa," alisema.

Alilikunja gauni, akalikunjua tena. Kisha akaniuliza polepole, bila kuniangalia, "Kaka, wewe umesoma. Wafu hurefuka?"

Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza.

Televisheni haijawashwa tena nyumbani kwake. Gauni limetundikwa nyuma ya mlango, na haruhusu mtu kuligusa. Mwezi uliopita nilipomtembelea, upindo ulikuwa umeshuka kidole kimoja zaidi.