Hodi ya Ruzuna

Haya, sogeeni. Anayesinzia amwegemee mwenzake.

Ruzuna alihamia Mji Mkongwe na mama yake. Vichochoro vyake vyembamba, gari halipiti. Kila mtu anakwenda kwa miguu.
Chapa, chapa, ndara za Ruzuna.

Zamani walikaa kwenye maghorofa. Kule kila mlango una namba, na kengele ya kubonyeza. Hapa hakuna namba. Hakuna kengele. Kuna hodi tu.

Siku ya kwanza, jirani yao Bi Salha aliwaletea vitumbua. Siku ya pili, sahani yake ilibidi irudi. Irudi tupu? Hee, aibu! Mama aliweka mkate wa ufuta, wa moto.

"Niende peke yangu, mama?"
"Njia unaijua?"
"Naijua! Jana si tulikwenda kumwamkia? Kwa mzee anayecheza bao, kulia. Kwa fundi cherehani, kushoto. Hapo hapo mlango wake."

"Haya. Ukifika, piga hodi. Hodi ni tatu tu. Wasipoitika, rudi."
Ruzuna akaichukua sahani. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hodi inataka sauti.

Chapa, chapa, ndara za Ruzuna.
Mara adhana ya alasiri ikalia. Watu wakainuka, wakaenda msikitini.

Ruzuna akatafuta mzee wa bao. Hayupo! Akasikiliza cherehani, trrr, trrr. Kimya!
Masikini Ruzuna. Alama zake za njia zilikuwa watu, na watu wana miguu.

Akakata kulia. Akakata kushoto. Akarudi nyuma.
Chapa, chapa, ndara za Ruzuna.
Milango yote kwake ilikuwa sawa. Nyumbani ni wapi? Hajui. Mkate nao unapoa.

Machozi yakamlengalenga. Hata mimi ningelia.

"Hodi," akasema, pale pale kichochoroni.
Hata paka hakugeuka.

"Hodi..."
Kimya.

Ikabaki moja. Ruzuna akaikumbatia sahani. Akafumba macho.
"HOOODIII!"

Sauti ikagonga ukuta huu. Ikagonga ukuta ule.
"Karibu!" ikatoka kulia.
"Karibu!" ikatoka kushoto.
"Karibu, mwanangu!" ikatoka juu, dirishani.
Lo! Hodi moja, karibu tatu!

Dirishani alikuwa Bi Salha. "We Ruzuna! Unampigia hodi nani, mtaa mzima?"
"Nimepotea, bibi. Sisi wageni hapa."

"Wageni?" Bi Salha akacheka. "Mgeni gani huyo, akipiga hodi mtaa mzima unamwitikia? Wewe wa hapa. Panda juu, mkate unapoa."

Walikula mkate, yeye na Bi Salha. Kisha Bi Salha akaiosha sahani, akaijaza kaimati. Akamshika Ruzuna mkono, wakarudi polepole.
Chapa, chapa, ndara mbili mbili.

"Ala! Sahani imerudi tena?" mama akacheka. "Basi kesho tutapika nini?"
"Pika chochote," akasema Ruzuna. "Nitapeleka mwenyewe."

Jioni Ruzuna alijifunika shuka. Chini ya dirisha watu walipita, chapa, chapa. Mtu mmoja akasimama mlango wa jirani.
"Hodi!"

Ruzuna alikuwa amefumba macho tayari.
"Karibu," akaitika, kwa sauti yake ndogo. Akalala.