Posa Iliyokuja na Spana

"Hajira! Acha hivyo vikombe uje uone maajabu. Mshenga kaja na bwana harusi mwenyewe!"

Shangazi Faudhia alikuwa amebana jicho kwenye upenyo wa pazia, mkono mmoja umeshika kanga isimdondoke.

"Shangazi, leo siyo siku ya utani."

"Utani gani? Huyo hapo anashuka kwenye pikipiki. Tangu nizaliwe hapa Kang'ata sijaona mwanaume anakuja kwenye posa yake. Sasa atajiombea na kujijibu?"

Hajira akasogea dirishani. Ni kweli. Mbele alikuwa Mzee Zaidi, mshenga kutoka Korogwe, kanzu nyeupe, uso umekunjamana kwa hasira. Nyuma yake alikuwa Mhina. Hakuvaa kanzu. Alivaa ovaroli ya kazini, na begani kaning'iniza begi zito linalolia vyuma kila akipiga hatua.

"Ya Rabi," Hajira akanong'ona. "Huyu mtu kaamua kuniua."

Posa hupelekwa na mshenga na wazee. Mwoaji hubaki kwao, anashikashika simu, anasubiri kuambiwa amepata au amekosa. Na posa hii ilikuwa nzito tangu mwanzo, kwa sababu ya Pijo, gari la baba.

Mzee Salimu, baba yake Hajira, aliipenda ile Pijo 504 kama mtoto wa kuzaa. Alikuwa nayo tangu ujana wake, imebeba wagonjwa, maiti na mabibi harusi wa nusu ya kata. Ilipoanza kucheza usukani na kugonga mbele kila ikiingia shimoni, aliipeleka Korogwe, gereji kwa Mhina, mwanaume wa Kwashemshi aliyesifiwa na kila mtu. Mhina akaibomoa mbele yote: shokapu, springi, boljointi, na bushi, ile mipira ya mikono ya chini inayoshika matairi. Hajira ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka vipuri. Alikuwa mjane wa mwaka wa nne, eda ameshaisahau, na moyo wake alidhani umeshafungwa. Ukafunguka palepale, katikati ya harufu ya grisi.

Pijo ikarudi nyumbani inateleza kama mpya. Haikupita muda, ikiwa njiani na Mzee Salimu yuko kwenye usukani, ikavuta kushoto ghafla na kuingia mtaroni. Mungu alimnusuru, akatoka na bega lililoteguka. Tangu siku hiyo gari liko chini ya kibanda cha makuti, na mzee ana neno moja tu: "Aliyeshindwa kunifungia gari hatanifungia ndoa ya mwanangu."

Leo alikubali kumsikiliza mshenga, lakini kwa sharti lake. Alimwita pia mtu aitwaye Afisa, muuza vipuri wa Handeni mjini, ambaye bushi zile zilitoka dukani kwake. Afisa naye alikuwa akimtaka Hajira, na hakuficha.

Hajira aliposikia hivyo asubuhi, alimwandikia Mhina ujumbe:

"Baba kamwita na Afisa. Mpenzi, mwambie Mzee Zaidi aseme bushi za Afisa zilikuwa feki. Baba atakubali, bega linamuuma anatafuta wa kumlaumu. Sema hivyo tu, tumeshaoana."

Jibu lilikuwa fupi: "Nitakuja mwenyewe."

Ndiyo hayo sasa.

"Assalamu alaykum," Mzee Zaidi akabisha barazani.

"Wa alaykum salaam. Karibuni," Mzee Salimu akajibu. Kisha akamtazama Mhina kuanzia viatu. "Mzee Zaidi, kwenu Korogwe siku hizi mwoaji anajileta?"

"Ndugu yangu, usiniulize mimi. Nimemkataza tangu stendi."

"Shikamoo, mzee," Mhina akasema.

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Sijaja kuposa, mzee. Posa anayo Mzee Zaidi. Mimi nimekuja kuangalia gari."

Afisa, aliyekaa pembeni na kofia yake ya kufumwa, akacheka. "Gari ulishaliangalia, fundi. Mtaro ndio uliolipokea."

"Afisa, kaka yangu, habari za siku."

"Nzuri. Usinichekee. Nimesikia kuna maneno yanatembea kwamba duka langu linauza takataka. Leo yaseme mbele yangu."

Kule ndani Hajira akaziba mdomo. Shangazi Faudhia akamfinya.

"Maneno hayo kayatembeza nani?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui na umegeuka rangi?"

Nje, Mzee Salimu akanyoosha mkono wa upande wa bega zima. "Gari lile pale. Angalia. Sisi tunakunywa chai."

Mhina akatandika gunia, akaingia chini ya Pijo. Barazani kukawa na mlio wa vijiko na spana tu. Hajira akamwandikia tena: "Nakuomba. Sema feki. Nikikukosa wewe nitaolewa na hilo duka." Akaisikia simu ya Mhina ikilia chini ya gari. Akauona mkono ukiitoa, kisha ukiirudisha mfukoni.

Alipotoka, mgongo wote ukiwa vumbi, alishika kipande cha bushi kiganjani. Mpira ulikuwa umejinyonga na kuchanika, kama kamba iliyofungwa ng'ombe mkorofi.

"Haya," Mzee Salimu akasema. "Feki au siyo feki?"

Hajira akafumba macho. Sema. Sema, baba wa watoto wangu watakaokuja. Sema.

"Bushi ilikuwa nzima, mzee. Afisa alituuzia kitu kizuri. Aliyekosea ni mimi."

"Mhina!" Mzee Zaidi akaruka. "Mshenga ni mimi! Funga huo mdomo!"

"Mwache," Mzee Salimu akasema. "Umekosea nini?"

"Bushi ni mpira uliobanwa na chuma, mzee. Ukikaza bolti gari likiwa juu na matairi yananing'inia, mpira unashika hivyohivyo. Ukilishusha, mikono inapanda, lakini mpira hauachii. Unakaa umejinyonga, na kila shimo linauvuta, mpaka unachanika. Bolti ya mwisho hukazwa gari likiwa limekanyaga chini, limebeba uzito wake lenyewe. Mimi nilikaza likiwa hewani."

"Na hilo hukulijua?"

"Nalijua tangu nafundishwa kazi."

"Sasa?"

Mhina akatazama chini.

"Nakuuliza wewe. Fundi unayejua kazi yako, ulikaza hewani kwa nini?"

Afisa akasimama, akapiga makofi. "Mmesikia kwa masikio yenu! Fundi kakiri! Mzee Salimu, mimi sina la kuongeza. Mtu wa namna hii ukimpa binti, utamkuta na yeye mtaroni."

"Basi umejihukumu mwenyewe," Mzee Salimu akamwambia Mhina taratibu. "Mzee Zaidi, kunyweni chai yenu, mkawahi usafiri."

Machozi ya Hajira yalikuwa ya hasira kwanza. Mjinga huyu! Nimempa mlango, kaupiga kufuli. Halafu akamwona Mhina amesimama pale juani, ameulizwa kwa nini, na jibu analo, na hataki kulitoa. Hasira ikayeyuka, ikabaki aibu. Akajifunga kanga vizuri kichwani.

"Unakwenda wapi?" Shangazi Faudhia akamdaka. "Siku ya posa mwanamke hatoki!"

"Na mwanaume haji. Mbona kaja?"

Akatoka mpaka barazani, akapiga goti mbele ya baba yake.

"Baba, swali lako la mwisho nalijibu mimi."

"Hajira! Rudi ndani!"

"Nitarudi, baba. Siku anamaliza gari nilimpelekea chakula gereji. Alikuwa chini. Nikamwita, akasema ngoja nilishushe kwanza nikaze. Nikamwambia kaza hukohuko, chakula kinapoa, na mimi nawahi gari la Handeni. Nilimng'ang'aniza. Akakaza, akatoka, tukala."

Mzee Salimu akaweka kikombe chini. "Mlikula pamoja?"

"Ndiyo, baba."

"Gerejini?"

"Kaka," Shangazi Faudhia akasema kutoka ndani, "mbele ya mafundi wote, siyo chumbani. Usiende mbali."

Mzee Zaidi akakohoa kuficha kicheko.

"Na kuna lingine," Hajira akaendelea. "Maneno ya bushi feki ni yangu mimi. Nimeyasema kwa majirani, nimemwandikia asubuhi, nimemwandikia tena akiwa chini ya gari. Nilimwomba akudanganye ili unioze. Kaka Afisa, nisamehe. Nilitaka kukuchafua."

Afisa akakaa chini bila kuangalia anapokalia. "Mimi? Hajira, mimi?"

"Wewe."

Kuku akapita katikati ya baraza na hakuna aliyemfukuza. Mzee Salimu alimtazama binti yake, kisha Mhina.

"Fundi. Ujumbe uliuona?"

"Niliuona, mzee."

"Ungesema feki, ningekuamini. Bega linaniuma, nilikuwa natafuta wa kumtupia. Afisa ningemfukuza na binti ningekupa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Mhina akafuta vumbi usoni, akazidisha grisi. "Ningepata mke, mzee. Lakini ningesimama vipi kuswali, jina la mwenzangu likiwa shingoni mwangu? Na huyu Hajira nampenda mno. Sitaki kumpata kwa njia ambayo nitaogopa siku akinikumbusha."

Hajira akainamisha kichwa. Hajawahi kuambiwa hivyo mbele ya watu, hata na marehemu mumewe.

"Maneno nimeyasikia," Mzee Salimu akasema, akinyanyuka. "Sasa nataka mikono. Bushi mpya unazo?"

"Ninazo begini."

"Nifungie gari langu. Na mimi nitakuwa palepale, naona."

Mhina akaifungua ile mikono ya chini ya gari, akazigonga bushi kuukuu zitoke, akaingiza mpya kwa jeki na bomba la chuma, taratibu, hasukumi kwa hasira. Bolti akazishikiza kwa vidole tu, bila kuzikaza. Kisha akashusha gari, matairi ya mbele yakakanyaga magogo mawili manene, ili apate nafasi ya kulala chini huku Pijo imesimama kwa miguu yake.

"Sasa naomba watu waingie ndani ya gari," akasema. "Likae kama linavyokaa safarini."

Mzee Salimu akashika usukani wake. Mzee Zaidi akakaa pembeni yake. "Nilikuja mshenga, naondoka mzigo," akalalamika. Shangazi Faudhia akatoka mbio kwenda kiti cha nyuma kabla hajaitwa, akamvuta na Hajira.

"Bolti ya huku inazunguka na nati," sauti ya Mhina ikasema chini. "Nahitaji mtu wa kunishikia upande wa pili."

Watu wakatazamana. Wote walikuwa ndani ya gari, isipokuwa mmoja.

Afisa akavuta pumzi ndefu. Akakunja kanzu yake, akaifunga kiunoni, akalala mavumbini.

"Nishike wapi?"

"Hapo. Usiachie."

"Nilikuwa nimeshakuchimbia kaburi leo, fundi," Afisa akasema kwa sauti ya chini, lakini ndani ya gari walisikia. "Na wewe ulikuwa na panga la kunikata mkononi, hukulitumia. Kaza. Nimeshika."

Walipomaliza, Mzee Salimu aliwasha injini. Aliliondoa gari kwenye magogo. "Fundi, panda. Atakayeogopa ashuke." Hakushuka mtu. Afisa akajibana nyuma na vumbi lake.

Waliyapita makorongo ya Kang'ata, mahali ambapo zamani Pijo iligonga kama mtu anapiga debe. Kimya. Shimo, kimya. Wakapita Handeni mjini, wakaingia lami ya kwenda Korogwe, milima ya Usambara ikaanza kujitokeza mbele. Mzee Salimu akaongeza mwendo. Kisha, Hajira akiona kwa macho yake, baba yake akaachia usukani. Mikono yote miwili akaiweka mapajani.

"Kaka!" Shangazi Faudhia akapiga kelele. "Mimi bado nina swala zangu za kulipa!"

Pijo ikaenda. Haikuvuta kushoto, haikuvuta kulia. Ilinyooka kama imeshikwa na mtu wasiyemwona.

"Allahu akbar," Mzee Zaidi akasema.

Mzee Salimu akarudisha mikono kwenye usukani. Alipozungumza, sauti ilikuwa imelowa. "Mzee Zaidi, ile posa yako bado unayo?"

"Ipo mfukoni tangu asubuhi, ndugu yangu, imeshakunjamana!"

"Basi ilete hapahapa, nikiwa nimeshika usukani. Isije ikatokea mtu mwingine akafungua mdomo."

Gari zima likacheka. Afisa akamgonga Mhina begani. "Vipuri vya nyumba yenu vitatoka dukani kwangu. Siyo ombi."

Hajira hakucheka. Alikuwa akilia, na hakujificha.

Ijumaa baada ya swala, ua wa Mzee Salimu ulijaa. Mashehe walikaa mkekani, Mhina katikati yao, safari hii na kanzu, kucha zake zimekataa kutakata. Kwa desturi, baba anayemwozesha bikira huchukua kimya chake kuwa ridhaa. Mjane hanyamaziwi. Mjane lazima aulizwe, na lazima aseme kwa ulimi wake.

Mzee Salimu akasimama mlangoni kwa Hajira, mashahidi wawili nyuma yake.

"Hajira binti Salimu. Mhina amekuposa. Nimwozeshe?"

Shangazi Faudhia akamwinamia sikioni. "Sema polepole, mwanangu. Heshima."

Hajira akanyanyua uso. Akafikiria miaka aliyokaa kimya kwa sababu watu walidhani mjane hana la kusema.

"Nimeridhia, baba!" akasema, kwa sauti iliyovuka pazia, ikavuka baraza, ikafika mkekani, na Mhina akainua kichwa. "Niozeshe Mhina. Nimeridhia kwa moyo wangu wote!"

Vigelegele vikapasuka kuanzia jikoni, na vya kwanza kabisa vilikuwa vya Shangazi Faudhia.