Wino Kiganjani

Kila asubuhi Sabra alifagia uwanja, akanywa uji na kumuaga shangazi yake, Riziki, kabla ya kushika njia ya shule pale Kihonda. Jumanne ile aliuacha uji bila kuugusa. Kipindi cha kwanza kilikuwa Kiingereza, na Madam Josephine alikuwa ameahidi jaribio la istilahi za fasihi: maneno ishirini, mwanafunzi mmoja mmoja mbele ya darasa.

Sabra alisoma shule ya msingi Kinole, huko milimani, ambako masomo yalifundishwa kwa Kiswahili. Sasa alikuwa kidato cha kwanza, na karibu kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Kwa wiki tatu alikuwa akinakili kutoka ubaoni asichokielewa. Madam alipouliza kama wameelewa, aliitikia "ndiyo" pamoja na wenzake, kwa kuogopa kuchekwa.

Kwa hiyo asubuhi ile alijificha nyuma ya darasa, akaandika majibu kwenye kiganja cha kushoto, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Jirani yake wa dawati, Salma, aliitwa wa kwanza, akajibu vizuri. Akafuata Elia. Kila jina lilipotajwa, Sabra alihesabu waliobaki. Jasho likamtoka hadi viganjani. Akakunja ngumi na kuibana katikati ya magoti.

"Sabra Mwinshehe!"

Alisimama mbele ya darasa, akachungulia kiganja. Jasho lilikuwa limeyeyusha maandishi yote. Lilibaki doa la buluu tu.

"Tuambie, simile ni nini?"

Neno hilo aliwahi kuliona ubaoni, nalo lilimchanganya. Simile aliyoijua yeye ni ile ya wasukuma mikokoteni sokoni, wanapopiga kelele wapishwe. Akachungulia kiganja tena.

"Mkononi una nini? Nionyeshe."

Sabra alifungua kiganja. Alijua kinachompata anayeibia kwenye mtihani: sufuri, na mzazi kuitwa shuleni.

Madam alilitazama lile doa. "Oo, kalamu imekuvujia. Nenda kanawe, uje uendelee."

Sabra alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Alikuwa amepona. Lakini macho yake yakakutana na ya Salma, aliyekesha na daftari wiki nzima. Akageuka.

"Haikuvuja, Madam," alisema. "Niliandika majibu. Nilitaka kuibia."

Darasa likalipuka kwa minong'ono. Madam akampeleka nje, barazani.

"Kwa nini, Sabra?"

"Sielewi hata neno moja. Hiyo simile, mimi naijua ya kuomba njia tu."

Madam alijizuia kucheka. "Nilipokuita, ulijisikiaje?"

"Niliogopa. Nilitetemeka kama mgomba kwenye upepo."

"Umesikia ulichosema? Umejifananisha na mgomba kwa kutumia neno 'kama'. Kwa Kiswahili hiyo ni tashbihi, na Waingereza huiita simile. Unayo kinywani tangu utotoni."

Hata hivyo, sufuri aliipata, na barua ya kumwita shangazi akaipeleka mwenyewe, akihisi kila hatua ni nzito. Shangazi Riziki aliisoma mara mbili.

"Nani aligundua?" aliuliza.

"Hakuna, shangazi. Nilisema mwenyewe."

Shangazi aliikunja barua. "Haya. Kesho tutakwenda pamoja."

Shuleni wakakubaliana, na tangu siku hiyo Sabra alibaki na Madam kila jioni, akijifunza maneno matatu kwa siku, kila neno na mfano wake wa nyumbani. Baada ya wiki mbili alirudia jaribio mbele ya darasa. Alijibu kwa sauti ndogo, lakini alipata kumi na tano.

"Bado unaogopa?" Madam aliuliza.

"Ndiyo, Madam."

"Kuogopa si kosa. Kutojua nako si kosa. Kosa ni kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha ujinga huumbuliwa na mtihani. Ukikwama, sema umekwama, hata wakicheka."

Sabra alivuta pumzi. "Basi, Madam, yale matano niliyokosa sijayaelewa. Naomba unieleze tena."

Nyuma yake mtu alicheka. Sabra hakugeuka. Alifungua daftari.