Ndama wa Monika na Chupa ya Maji ya Bahari

Asubuhi ile Monika alimkuta ndama wa pili amelala kando ya zizi. Povu lilimtoka mdomoni. Miguu ilitetemeka kama ya mtu mwenye homa. Jua halijapanda, ndama akafa.

Monika alikaa chini akalia. Alikuwa ndama jike, tegemeo la maziwa ya watoto.

"Wawili ndani ya wiki mbili," alisema mumewe, Mayunga. "Hii ni kazi ya mtu."

"Mtu gani, baba Sayi?"

Mayunga aligeuka. Alitazama nyumba ya jirani yao, bibi Ng'washi. Mganga alikuwa amemwambia kwamba mbaya wake anakaa upande linakochomoza jua, na upande huo hapakuwa na nyumba nyingine. Tena bibi alikuwa mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Jamani, macho tu, na watu wakaanza kunong'ona!

"Jumamosi sungusungu wa kijiji watakaa kumhukumu," alisema Mayunga. "Atahama, apende asipende."

Monika aliinuka, akaitazama nyumba ile. Bibi Ng'washi ndiye aliyempokelea watoto wake wote wanne. Sayi alitanguliza miguu wakati wa kuzaliwa, na mikono ya bibi huyo ndiyo iliyowaokoa, mama na mtoto. Leo afukuzwe kama mbwa?

Ilikuwa Machi 1998, mwaka ambao mataifa yaliuita Mwaka wa Bahari. Ijumaa, siku moja kabla ya kikao, wageni wa chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam walifika Mwamapalala, kijiji cha kina Monika, kuuadhimisha. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma.

"Bahari? Huku kwenye pamba na ng'ombe? Dereva wao amepotea njia!"

Lakini ngoma ikishalia, nani abaki nyumbani? Uwanja wa shule ulijaa. Wanafunzi wa chuo waliimba nyimbo za bahari, kisha wakacheza na wenyeji kwenye matope. Kiongozi wao aliitwa mwalimu Januarius, mzaliwa wa Ipililo, si mbali na hapo.

"Mwangaluka!" alisalimia kwa lugha ya wenyeji.

"Mwangaluka!" watu waliitikia kwa furaha. Kumbe ni wa kwetu huyu!

Mwalimu alitoa chupa. "Haya ni maji ya bahari. Onjeni."

Bibi Ng'washi alikuwa wa kwanza. Alikaa peke yake, maana watu walikwisha kumkimbia. Alionja, akakunja uso.

"Mayu wane, mama yangu! Chumvi tupu!"

Uwanja mzima ulicheka. Mwalimu akauliza, "Nani hapa amefika baharini?" Hakuna aliyenyoosha mkono. "Na nani amepeleka kitu baharini?" Wakacheka tena.

"Nyote mmepeleka," alisema, akatandaza ramani. "Kijito chenu kinaingia Mto Simiyu. Simiyu unaingia Ziwa Victoria. Ziwani unatoka Mto Nile, nao unakwenda mpaka baharini, kaskazini kabisa. Sisi wa chuo tunaipenda bahari. Ila hatuwezi kuitunza tukiwa ufukweni peke yetu. Tunawahitaji na ninyi."

Mzee mmoja akauliza, "Lakini mwalimu, uchafu wetu utafika huko kote?"

"Mwingine unafika, mzee. Mwingine unabaki njiani, kwa samaki na kwa wanaokunywa. Kwa hiyo wa kwanza kuumia ni ninyi. Chukueni mfano wa dawa ya pamba. Zamani bwana shamba aliwaonyesha namna ya kuitumia. Siku hizi soko ni huria. Muuzaji anaishusha mnadani, anapokea chake, huyo anaondoka! Ukiosha bomba la kupulizia dawa kijitoni, samaki wadogo wataelea matumbo juu. Mnyama akinywa hapo, atatoka povu na kutetemeka."

Monika alikumbuka povu la ndama wake. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha bomba, kila baada ya kupulizia, katika dimbwi la kijito lililo chini ya nyumba yao. Samaki aliwaona wakielea. Alidhani ni joto. Na ndama, kwa kuwa hawakuenda machungani mbali, walinywa palepale.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini kesho ilikuwa Jumamosi. Alimtazama bibi Ng'washi, bado anafuta chumvi midomoni. Akasimama.

"Mwalimu, ndama wetu nimewaua mimi. Bomba naliosha dimbwini. Bibi Ng'washi hana kosa. Nasema mbele ya watu wote, hana kosa!"

Watu waligeuka kumtazama. Mayunga naye akainuka, na watu wakadhani sasa mke atapigwa.

"Bomba nilimpa mimi akaoshe," alisema Mayunga kwa sauti ndogo. "Kosa ni la wote wawili."

Walimpeleka mwalimu dimbwini. Samaki walikuwa bado wanaelea.

"Ndama wasinywe hapa tena mpaka bwana mifugo aruhusu," alisema mwalimu. "Bomba lisuuzeni shambani, mara tatu, na maji hayo mpulizie pamba hiyohiyo. Kopo la dawa nalo lisuuzeni hivyo hivyo, kisha mlitoboe. Msilitilie maziwa wala maji, hata likipendeza vipi."

Jumamosi sungusungu walikaa kweli. Mayunga alisimama akamwomba radhi bibi Ng'washi. Kisha kijiji kikapiga marufuku kuosha bomba kijitoni.

Mwaka uliofuata hakufa ndama hata mmoja. Ng'ombe wao alipozaa, Mayunga mwenyewe alibeba kibuyu cha kwanza cha maziwa mpaka kwa bibi Ng'washi. Monika alipiga magoti mbele yake kushukuru.

"Wabeja, mayu. Ulinipa watoto wangu, na mimi nilikaribia kukuponza."

"Inuka, mwanangu," alisema bibi. "Ulisimama ulipotakiwa kusimama. Mimi ndiye wa kushukuru."

Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa. Ilikuwa ileile ya mwalimu, aliyomwachia siku ile, nayo ilijaa maji.

"Nasikia wa chuo wanasherehekea tena bahari yao. Haya nimeyachota kijitoni leo. Sayi akaandike barua. Aseme mwalimu ayamwage baharini, awaambie wenzake ni salamu za Ng'washi, ambaye bado anakaa nyumbani kwake."

Kesho yake Monika alitembea mpaka barabarani, chupa ameipakata. Alimkabidhi kondakta wa basi litokalo Bariadi kwenda Dar es Salaam, pamoja na barua ya Sayi, akamsihi asimwage hata tone.