Nilimfukuza Shemeji Kwenye Kwaya kwa Noti Nisiyoisikia

Niliwafumania Jumatano, saa nane mchana, ndani ya gereji ya shemeji yangu.

Sio mke, jamani. Mke wangu Nadine alishatangulia, Mungu amrehemu. Niliowafumania ni wanaume wenzangu, watu wazima wenye mvi na miwani, wamesimama pua kwa pua na mwanaume mwingine, wanaimba.

Na yule mwanaume alikuwa anaimba sehemu yangu...

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Mimi nilishikilia mashine ya kukatia nyasi nisidondoke.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili mnielewe.

Naitwa Verlin, nina miaka sitini na tisa, mkazi wa Marlow Junction, Indiana, mji wenye reli mbili na taa moja ya barabarani. Nimeimba kwaya ya wanaume ya hapa kwa miaka thelathini na moja. Ndani ya kwaya nilikuwa na kundi langu la watu wanne. Uimbaji wetu unaitwa wa kinyozi, maana wazee wanasema ulizaliwa kwenye benchi la kusubiri kunyolewa. Hakuna piano, hakuna gitaa. Ni makoo tu.

Garrett alikuwa kiongozi, ndiye anayebeba wimbo wenyewe. Harlan alikuwa besi. Lowell, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa teno, sauti ya juu kabisa. Mimi baritoni.

Baritoni ni mtu wa makombo. Wenzako wanagawana noti nzuri, wewe unaokota zilizobaki. Ukifanya mazoezi peke yako nyumbani hata mbwa hajui ni wimbo gani. Tunataniwa kweli kweli. Lakini ukitoka wewe, wimbo unabaki na shimo.

Mtaniuliza, wazee wazima mnatafuta nini humo?

Sisi wanaume wa huku hatujui kukumbatiana. Baba yangu alinipa mkono siku naenda jeshini, akanipa mkono siku narudi, imeisha hiyo. Lakini Jumanne jioni unasimama mbele ya mwenzako, unamwangalia mdomoni, unavuta pumzi anapovuta yeye. Noti nne zikikaa sawasawa, juu yake inazaliwa noti nyingine ambayo hakuna aliyeiimba. Inakuja yenyewe, juu ya vichwa vyenu, nyembamba, kama glasi iliyogongwa na kijiko.

Tunaiita sauti ya tano. Ikija, kwetu hakuna kushangilia. Mtu wa besi anainua kidole kimoja juu, wimbo unaendelea.

Nadine alipofariki, niliishi kwa ajili ya kile kidole. Siwadanganyi.

Sasa miaka miwili iliyopita, sauti ya tano ikapotea.

Wiki ya kwanza nikasema mafua. Mwezi ukakatika, kimya. Harlan hainui kidole, mimi sisikii kitu. Nikaanza kutafuta mchawi.

Nikampata. Lowell.

Sauti yake ilikuwa imefifia, naisikia kwa mbali kama inatoka chumba cha pili. Na mimi, wadau, ndiye niliyekuwa msikilizaji wa kwaya. Utaratibu wetu ni kwamba kila mwanaume anajirekodi sehemu yake peke yake, anampa msikilizaji, na msikilizaji ndiye anayeamua nani apande jukwaani. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya masikio yangu. Walikuwa wanasema Verlin anaikamata noti iliyoshuka kwa upana wa unywele.

Nikasikiliza rekodi ya Lowell mara tatu. Jumanne nikasimama mbele ya wanaume ishirini na sita, nikasema teno wetu ameshuka, na tukitaka sauti ya tano irudi itabidi akae pembeni.

Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyenipinga, hata mmoja. Nikaona wamekubali.

Lowell akafunga zipu ya koti lake taratibu.

"Sawa, shemeji," akasema. "Masikio ni yako."

Akatoka. Hayo maneno yashikeni, tutayarudia.

Sauti ya tano haikurudi. Tukaletewa teno wengine wawili, nikawakataa wote.

Turudi gereji. Nilikuwa nimekwenda kurudisha ngazi niliyoazima, basi, sikuwa na lingine. Shemeji nilikuwa nimemwona mara moja tu mwaka ule mzima. Nilijua moyo unamsumbua. Sikujua umefika wapi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, mrija wa oksijeni puani. Garrett na Harlan wamemwinamia. Na huyo mgeni, Duane, mtu wa mji wa jirani. Nyimbo zetu ni zilezile kila mji, kwa hiyo mgeni anaingia tu bila hata mazoezi.

Wakafika noti ya mwisho. Wakaishika.

Harlan akainua kidole.

Lowell machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye mrija. Na mimi nimesimama pale mlangoni na ngazi yangu, sisikii kitu. Wanaume wanne wanaimba, juu yao hewa tupu.

Nikajua wananiigizia.

"Mmeanza lini huu mchezo?"

"Verlin bwana, ingia ndani," Garrett akasema. "Kahawa ipo."

"Nimeuliza mmeanza lini."

"Mwaka na nusu," Harlan akajibu. "Kila Jumatano."

"Na hicho kidole cha nini? Hakuna kitu pale juu."

Harlan akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka akamtazama Lowell, na Lowell akatikisa kichwa, kidogo tu, mara moja. Harlan akafunga mdomo.

Niliona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, wanalindana hawa.

Hapo ndipo nilipotamka neno ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi.

"Shemeji, sauti yako ilishazikwa. Umebaki wewe tu."

Hakukasirika. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kile kifilimbi chetu cha duara cha kuanzishia wimbo, akapuliza noti yangu. Yangu mimi, ya makombo.

"Njoo uimbe, Verlin," akasema.

Nikaitupa ngazi chini, nikaondoka.

Wiki sita. Garrett alipiga simu, sikupokea. Arlene, mke wa Lowell, alipiga mara mbili, sikupokea pia. Nilikuwa nimekasirika vizuri, nakula mbele ya televisheni na sauti nimeifungulia mpaka mwisho.

Kisha binti yangu Marnie akaja kunitembelea kutoka Fort Wayne. Aliingia, akasimama mlango wa jikoni na begi mkononi.

"Baba, unaishije na hiki kitu?"

"Kitu gani?"

"Hicho kinacholia."

"Hakuna kinacholia humu."

Akaniangalia. Akaangalia dari. Akavuta kiti, akapanda, akabandua kile kidude cha kutahadharisha moshi, kile ambacho betri ikikaribia kuisha kinapiga mlio mkali kila dakika ili ukibadilishe. Jirani alikuja kumshukuru baadaye. Alikuwa akikisikia kupitia ukutani tangu theluji ya mwisho, akadhani namfanyia makusudi.

Kesho yake nikapelekwa kupimwa. Dada mmoja akanivisha visikilizio, akanipa kitufe, akasema nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikasubiri... nikasubiri... nikamuuliza tunaanza saa ngapi.

"Sikio la kulia tumeshamaliza, baba," akasema kwa upole.

Noti za juu zilikuwa zimekufa kwangu, na sio jana. Miaka.

Tukiwa kwenye gari, hapo hapo nje ya hospitali, nilimpa Marnie simu yangu. Rekodi ya Lowell ya miaka miwili nyuma ilikuwa bado imo. Nikamwomba asikilize kisha aniambie. Mwanangu alikulia kwenye mazoezi yetu, anaijua noti kuliko wengi.

"Mjomba yuko sawa kabisa, baba."

"Sasa sikiliza yangu."

Alisikiliza akiangalia kioo cha mbele.

"Unashuka, baba. Mwanzo mpaka mwisho unashuka."

Nilimwonyesha tu kwa mkono njia ya kwenda kwa Lowell.

Nilijua kabla sijashuka garini. Barazani kulikuwa na mabakuli yamepangwa, yamefunikwa karatasi za foili: tambi na kuku, viazi vya jibini, maharage. Huku kwetu vyakula vya namna hiyo havipangwi mlangoni ila kwa jambo moja.

Alikuwa amefariki asubuhi ile.

Arlene alikuja mlangoni na aproni, kana kwamba anapika, na kumbe hapiki chochote. Nikaanza kuropoka. Nikamwambia nimejua leo, haikuwa yeye, ilikuwa mimi, nimepimwa.

"Alijua," Arlene akasema.

"Alijua nini?"

"Walijua wote, Verlin. Kabla hujasimama siku ile. Harlan alitaka kukuambia. Lowell ndiye aliyemkatalia." Alikuwa anapangusa mikono mikavu. "Alisema umemzika Nadine juzi tu, wakikutoa kwenye kwaya utamfuata. Alisema bora atoke yeye, maana yeye ana mimi nyumbani."

Mnakumbuka ule ukumbi ulivyonyamaza? Wanaume ishirini na sita. Walikuwa wanamtazama mtu akibeba aibu yangu na kwenda nayo kwenye gari lake. Masikio ni yako, alisema. Mimi nikadhani ananiheshimu.

"Kuhusu siku ile ya gereji," nikamuuliza, "alisema chochote?"

"Jumatano zote sita aliwaambia waongeze kiti kimoja," Arlene akasema. "Alikuwa na uhakika utakuja."

Nikakaa kwenye ngazi za baraza, kati ya mabakuli ya watu. Nililia, sifichi. Lakini kilio hakiendi popote, mtu wa kuombwa msamaha hayupo.

Tulimzika Jumamosi. Desturi ya kwaya yetu ni kwamba mwenzetu akifa tunaimba kanisani bila sehemu yake. Hatumweki mtu mwingine. Tunaacha shimo pale alipokuwa, na kila aliyekaa kwenye benchi analisikia.

Duane alinipisha bila kuambiwa. Nikasimama na Garrett na Harlan karibu na jeneza, na vifaa vipya masikioni vilivyofanya kila kitu kisikike kama mvua kwenye bati. Tukaimba. Teno hakuna. Sauti ya tano hakuna, haiwezi kuja bila teno, na hata ingekuja ingenipita kama zilivyonipita zingine.

Masikio hayanifai tena, kwa hiyo niliimba nikiwatazama usoni. Garrett alitabasamu. Harlan akanikubalia kwa kichwa. Nikalitambua lile tabasamu, wadau. Ndilo lililokuwa likinitazama miaka miwili.

Nje, karibu na gari la maiti, nilimvuta Harlan pembeni.

"Niambie ukweli. Nilishuka?"

"Ulikuwa sawa, Verlin," akasema, na kuinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Nikamtafuta Marnie kwa macho. Alikuwa anaangalia chini.

Mbele ya jeneza la mtu aliyekufa na uongo wangu mabegani, walinidanganya tena. Kwa mapenzi. Kwaya nimeiacha, na hawakunizuia sana.

Nyani haoni kundule, mtaniandikia huko chini, na mtakuwa mmesema kweli. Kabla hujamfukuza mtu kwa kuharibu wimbo, kapime sikio lako kwanza. Lakini na nyinyi mnaonyamaza mjue mnachokifanya. Mimi nilinyang'anywa miaka miwili ya shemeji yangu na watu wanaonipenda, kwa sababu hawakutaka niumie siku moja. Kama una mwenzako anashuka, mwambie leo. Alie, akasirike, asikupokelee simu. Ila awe anajua.

Arlene alinipa kile kifilimbi. Jumatano saa nane nakwenda gereji, nakaa kwenye kile kiti walichokuwa wananiongezea. Nakipuliza. Noti za chini nazisikia kidogo. Ile ya juu, ya Lowell, siisikii, kwa hiyo nikiipuliza namwangalia mbwa wa Arlene.

Akiinua kichwa, najua imelia.