Dawa Mbili za Nasambu

Nekoye alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni. Mama yake, Nasambu, alijaribu kumsaidia, lakini gunzi lilimponyoka kila mara. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba mikono yote miwili, na asubuhi vilikaza kabisa. Kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba la Mzungu ilikuwa imemshinda.

"Mama, hayo mahindi unayabembeleza tu," Nekoye alitania.

Nasambu hakucheka. Aliinama, akatapika kitu cheusi kama masizi yaliyolowa.

"Ni ugonjwa unatoka," alisema kwa shida. "Usimwambie mtu."

Nekoye aliogopa. Hospitali ya Eldoret ilikuwa imempa mama yake aspirini, ameze baada ya kula. Mama Jepkemboi, mganga wa mitishamba wa Kaptagat, alikuwa amempa mizizi ya kuchemsha, akamwambia asile kitu mpaka jua liwe juu. Nasambu alitaka kupona upesi. Kila alfajiri alimeza vidonge kwa maji ya mizizi, tumbo likiwa tupu.

Jirani yao, Kipngetich, aliwapeleka hospitalini mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Walipokewa na Nicanor, msaidizi wa daktari ambaye watu walimwita dresa. Nasambu alimwambia tu kwamba vidole vinamuuma.

"Basi tuongeze vidonge," alisema Nicanor, akachukua chupa. "Kuna dawa nyingine unakunywa?"

"Hakuna," alijibu upesi, maana alisikia kwamba hospitalini wanaotumia mitishamba hufokewa.

Nekoye alimtazama mama yake. Nasambu akamkanyaga mguu.

"Iko, Bwana Dresa," Nekoye alisema. "Ya mizizi. Anakunywa na vidonge kabla ya kula. Leo ametapika vitu vyeusi."

"Wewe mtoto, unaniaibisha mbele ya watu!"

Nicanor aliirudisha chupa polepole. "Mama, hiyo ni damu. Aspirini inachoma tumbo tupu. Ningekuongezea leo, ningekuumiza zaidi."

"Kwa hiyo dawa ya Mama Jepkemboi ni mbaya?"

"Siijui, kwa hiyo siwezi kuitukana. Hata yetu haimalizi ugonjwa huu. Inapunguza maumivu tu. Kwa sasa tutaacha zote mbili, na utalala hapa daktari akuone."

Siku chache baadaye damu ilikuwa imekoma. Mama Jepkemboi alikuja kumwona.

"Nasambu, ulinificha vidonge? Ningejua, ningekukataza kula kweli?" aliuliza. "Mizizi iache. Nitakuletea majani ya kukanda, tukimuuliza dresa kwanza."

Nicanor alikubali, kisha akamgeukia Nekoye. "Mgonjwa akificha nusu, hata anayemtakia mema anaweza kumuumiza. Umefanya vizuri kusema. Na sisi tujifunze kuuliza bila kufoka, ili watu wasituogope."

Alimwonyesha jinsi ya kunyoosha vidole vya mama yake ndani ya maji ya vuguvugu. Nasambu, ambaye hakuwa amemsemesha bintiye tangu siku ile, alimpa mkono wa kulia. Nekoye alinyoosha kidole kimoja kimoja mpaka maji yakapoa. Wa kushoto ulikuwa bado mgumu.

"Huo utaufanya kesho, mwanangu," mama yake alisema.